Vijiti vya Bi Hija

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 2 Machi 1997.

Mpendwa Shangazi Zubeda,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako naiweka mbele ya kila kitu, na ya Mjomba Haroub pia. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Maskati, na kwamba mguu wa Mjomba uliokuwa ukimsumbua tangu kabla ya Idi umepata nafuu. Khulud na Awadh hawajambo? Picha yao ya sikukuu ilitufikia. Mama ameichomeka kwenye kioo cha kabati, na kila mgeni anaoneshwa, hata yule aliyekuja kuomba chumvi tu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba anakusalimu. Tangu apunguzwe kazi kiwandani alikuwa hatulii, lakini sasa amejenga banda nyuma ya jiko, anafuga kuku wa mayai kama nusu ya mtaa wetu. Twaha ameanza darasa la kwanza na ameshapoteza kiatu kimoja. Hasemi kilipotelea wapi. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, na mvua za vuli hazikunyesha, kwa hiyo watu wanaombea masika.

Bibi hajambo. Nimeandika neno hilo, kisha nikalitazama kwa muda mrefu, maana ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia. Mwili wake hauna neno. Anakula, anasali, anamtania Baba na kuku wake. Lakini kuna jambo tulikuficha, Shangazi, na nimechoka kulificha.

Mwezi wa Ramadhani uliuliza kwa nini mwaka huu kopo la kombe wakavu, wale wa magamba tunaowachimba matopeni, halikufika. Ulisema Mjomba aliulizia mara mbili wakati wa kufuturu, na wewe ukaogopa kwamba mama yako anaumwa na hatutaki kukwambia. Barua tuliyokujibu ilikuwa mwandiko wangu na maneno ya Bibi. Ilisema kombe wa mwaka huu walikuwa wadogo, hawakufaa kukaushwa. Haikuwa kweli. Kombe hawakuwapo kabisa, na aliyesababisha wasiwepo ni mimi.

Wewe uliyekulia hapa unajua tangu zamani jambo ambalo mimi nimelijua juzi juzi: kwamba kila Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita, Bibi na wanawake wenzake hufunga upande mmoja wa matope ya mkondoni kwa vijiti vyenye vitambaa, na hakuna mtu anayechokoa kombe humo mpaka mwezi wa Mlisho, Ramadhani nyingine ikikaribia, kombe wakishakua na kuzaa. Mwaka unaofuata unafungwa upande wa pili. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda naye maji yakipwa, nikibeba kikapu. Nakumbuka alikuwa akinivuta mkono na kuniambia, "Huku tu. Kule wamelala." Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto asizagae. Nilipofaulu kwenda sekondari nikaacha kabisa kushuka matopeni. Siku moja msichana wa darasani kwetu alisema wauza kombe wananuka hata wakioga. Nilicheka pamoja naye. Jioni ile nilipita njia ya nyuma, kwenye makaburi, ili nisikutane na Bibi akirudi na ndoo yake kichwani.

Mwaka jana shuleni kwetu kulianzishwa klabu ya mazingira. Mlezi wake ni Mwalimu Gaspar anayetufundisha baiolojia. Ni mtu wa Songea, bahari aliiona akiwa mtu mzima, lakini anaipenda kuliko sisi tuliozaliwa pembeni yake. Alitufundisha kwamba mizizi ya mikoko ni nyumba ya watoto wa samaki na kamba, na kwamba sululu, wale ndege wenye midomo mirefu iliyopinda, hutoka nchi za barafu kuja kula kwenye matope yetu. Nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilifurahi mno, Shangazi. Nilitafuta daftari la jalada gumu na nikalifunika kwa gazeti.

Mwezi wa Mei tulishuka kukagua mikoko. Tulikwenda wanafunzi kumi na wanne, tumevua viatu, tukafika mahali penye vijiti. Vilikuwa mia moja na kumi na saba, nilivihesabu mwenyewe, vimechomekwa kwa mistari iliyonyooka.

Hujaona mji ulivyobadilika tangu uondoke. Siku hizi Temeke yote, ukiona vijiti vimepangwa mstari, jua mtu anajipimia kiwanja. Mbagala, Kijichi, popote penye uwazi, Jumatatu unakuta vijiti, Ijumaa unakuta tofali. Hata uwanja wetu wa netiboli ulichomekwa vijiti wakati wa likizo, na mwalimu mkuu alihangaika muda mrefu kuvitoa. Kwa hiyo matopeni hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mwalimu Gaspar mwenyewe alisikitika, akasema watu sasa wanagawana viwanja mpaka baharini.

Mimi nilijiuliza, na hapa ndipo pagumu kuandika. Kitambaa cha kijiti kimoja kilikuwa cha zambarau, chenye michoro ya korosho nyeupe pembeni. Ni ile kanga uliyomletea Bibi safari yako ya mwisho, aliyoivaa mpaka ikachanika magotini. Nilikishika kitambaa kile kikiwa kimelowa. Nilikumbuka "kule wamelala." Kisha nikajiambia kanga zinafanana, zinachapwa kwa maelfu. Nikaandika kwenye daftari langu: vijiti 117, vya matawi ya mikoko, wahusika hawajulikani.

Tarehe tano Juni, siku ya mazingira, walikuja wageni shuleni. Nilichaguliwa kusoma ripoti ya klabu. Nilisoma vizuri. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini ni sehemu ya kosa langu, kwamba nilisoma vizuri. Nilisema watu wanakata mikoko na kuifanya mipaka ya viwanja, na kwamba wakiachwa, mwisho wake hata ndege hawatakuwa na pa kutua. Watu walipiga makofi, nikapewa kamusi.

Bibi alikuwapo. Alikuja na buibui lake jipya, akakaa kwenye viti vya wazazi karibu na Mama. Nilipofika penye vijiti mia moja na kumi na saba niliinua macho, nikamwona ameinamisha kichwa anatazama mikono yake. Nilipomaliza alipiga makofi kama wengine. Njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu, kama kile kitabu kizito ni changu moja kwa moja au nitatakiwa kukirudisha.

Bado ningeweza kusema siku ile. Hata kesho yake ningeweza.

Wiki iliyofuata ofisi ya mtaa ilituma mgambo. Waliwakuta wanawake sita wanafunga vitambaa vipya kwenye vijiti vilivyosombwa na maji, wakawachukua na ndoo zao mpaka ofisini. Klabu nayo iliitwa. Mwalimu Gaspar alikuwa na mitihani ya kusimamia, kwa hiyo nilitangulia mimi, na sare yangu na daftari langu.

Waliwekwa sakafuni. Matope yalikuwa yamewakaukia miguuni, meupe mpaka magotini. Bibi alikuwa wa pili kutoka mlangoni, na pembeni yake alikaa Bi Bernadeta, yule mama wa Kimakonde aliyehamia mtaani kwetu baada ya wewe kuondoka, ambaye Bibi ndiye aliyemfundisha kuchokoa. Watu walijaa dirishani, na miongoni mwao niliwaona wasichana wawili wa darasani kwangu.

Mwenyekiti wa mtaa aliuliza vijiti ni vya nini. Bibi alimjibu kwa upole kwamba wanawalaza kombe. Watu wakacheka. Mgambo mmoja akasema, "Sasa bibi, kombe wanalalaje na mipaka ya viwanja? Nao wanataka hati?" Wakacheka zaidi. Bibi alianza kueleza habari za Mfungo Mosi na Mlisho, lakini mwenyekiti alikuwa ameshageukia kwangu. Aliniuliza, "Katibu, huyu bibi nyie mnamfahamu?"

Shangazi, nilikuwa na muda wa kutosha. Hakuna aliyenikaba wala kunitisha. Nilitazama dirishani, nikatazama daftari langu, nikasema, "Anakaa mtaa wetu."

Bi Bernadeta aligeuka na kufungua mdomo. Bibi alimwekea mkono gotini, akamwambia mwenyekiti, "Ndiyo. Tunakaa mtaa mmoja."

Hayo tu. Wakawekewa karatasi, kila mmoja akabonyeza dole gumba kwamba hatachomeka vijiti tena. Mchana ule klabu ilikwenda kuving'oa. Vilikuwa vimekaa vizuri. Ilibidi nikivute kila kimoja kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ananawa miguu uani. Aliniuliza kama nimekula. Baba aliambiwa kwamba ofisi imewaonya, basi. Jibu langu hakuambiwa, si na Bibi wala na Bi Bernadeta, ambaye unajua hana kawaida ya kunyamaza, au niseme utajua siku ukikutana naye.

Bamvua ya Julai, maji yalipokwenda mbali kabisa, zilikuja pikapu mbili kutoka upande wa Mbagala. Walishuka vijana wenye reki, machepe na magunia. Nusu ya mji inafuga kuku sasa, na kuku wa mayai wanatiliwa magamba yaliyosagwa kwenye chakula chao, kwa hiyo magamba yana wanunuzi. Wanawake walishuka kuwazuia. Kijana mmoja aliwajibu bila ukali wowote, "Mama, ofisi imesema hapa si pa mtu." Ilikuwa kweli. Ofisi ilisema hivyo kwa sababu ya ripoti yangu.

Walichota siku nne, upande uliolala na upande ulio macho. Walichukua hata wale wadogo kama kucha. Walipoondoka, matope yalikuwa mashimo matupu, na yalinuka mpaka kwetu.

Mwezi wa Septemba Baba alikuwa anamwaga chakula cha kuku, Bibi amekaa kwenye kibao anamtazama. Aliinama, akaokota kipande kidogo cheupe, akakigeuza kwenye kiganja chake. Kilikuwa na mifereji myembamba kama ya kombe. Alikirudisha kwenye sahani ya kuku, akaingia ndani.

Oktoba tulikwenda na Mwalimu kuhesabu sululu. Yeye mwaka uliotangulia alikuwa amehesabu peke yake zaidi ya mia mahali pale. Sisi tulipata kumi na mmoja, na hata hao walikuwa wanatembea tu, wanadonoa mara moja na kuinua vichwa. Mwalimu aliniambia niandike idadi na sababu. Kwenye sababu niliandika: haijulikani. Nilijua ninachokifanya, Shangazi. Ilikuwa mara ya pili naandika neno lile.

Halafu ikaja Ramadhani, na barua yako. Nilimsomea Bibi uani baada ya Alasiri. Ulipoandika kwamba hata harufu ya lile kopo tu inakutosha, aliniomba nirudie. Kisha akasema nichukue kalamu. Alinitajia salamu zote, akafika kwenye kombe, akasema, "Mwambie kombe wa mwaka huu walikuwa wadogo."

Kalamu yangu ilisimama. Nilimtazama naye akanitazama. Akasema tena, "Andika, mwanangu. Wadogo."

Niliandika. Bibi ambaye hajawahi kuniruhusu niseme uongo hata wa kumfukuza mgeni, alikuwa amefunga, na alisema uongo kwa binti yake ili mimi nisionekane. Bahasha niliifunga kwa mate yangu mwenyewe baada ya kufuturu. Tangu siku ile sijaweza kuifungua kamusi yangu. Ipo juu ya kabati lilelile lenye picha ya kina Khulud.

Baada ya Idi nilimfuata Mwalimu Gaspar maabara, nikamweleza yote, kuanzia kile kitambaa cha zambarau. Nilidhani atanifukuza klabu, na nilitaka anifukuze. Alikaa juu ya stuli, akavua miwani, akasema, "Tulihesabu vijiti. Hatukuuliza mtu." Akasema hilo ni kosa lake kabla ya kuwa langu. Lakini kuhusu ofisini hakunisaidia. Aliniambia neno nililolisema mbele ya watu, nikalirudie mbele ya watu.

Alikuja nyumbani siku ileile. Alivua viatu tangu kwenye geti, akamwamkia Bibi, akaomba afundishwe. Walikaa mkekani mpaka Magharibi. Alimuuliza miezi, upande gani hulala lini, na miti ya vijiti inatoka wapi. Bibi akamwambia vijiti ni vya matawi yaliyokauka yenyewe, kwamba yeye haruhusu mtu kukata mkoko ulio hai, na kwamba mwanamke aliyewahi kufanya hivyo alikatazwa kushuka mwaka mzima. Mimi niliyesoma mbele ya wageni kwamba wanakata mikoko, nilikuwa nawatilia chai.

Usiku uleule nilimwambia Baba. Hakunipiga wala hakufoka. Aliinuka, akaenda kukaa bandani na kuku wake gizani, na Mama akanikataza nisimfuate.

Mkutano wa mtaa ulikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tano Februari. Bibi alikataa kwenda. Alisema pale ameshakaa chini mara moja, inatosha. Nilikwenda na Baba na Mwalimu. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilisema mwezi wa Juni niliulizwa kama namfahamu Bi Hija, nikajibu anakaa mtaa wetu. Nikasema ni bibi yangu mzaa baba, tunalala chumba kimoja, na vile vijiti nilijua ni vyake. Kisha nikaeleza kazi ya vijiti, kama alivyoeleza yeye siku ile walipomcheka, maneno yaleyale.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeandika, na wewe tena ndiye unayefuta?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Shikamoo." Wachache walicheka, lakini si kama Juni.

Mwenyekiti alisema vijiti virudi kwa majaribio, na kwamba gari la magunia likija tena, mgambo waitwe. Hakuandika popote. Na ile karatasi yenye madole gumba ya wanawake sita bado imo ndani ya faili, alisema ataitafuta. Nimekwenda kuiulizia Ijumaa mbili sasa. Nitakwenda kila Ijumaa nikitoka shule, mpaka anione kero, na akishaniona kero nitaendelea.

Bi Bernadeta alimsimulia Bibi mkutano mzima akiiga sauti ya kila mtu, mpaka ya yule mzee. Mimi alinisemea kwa sauti nyembamba inayotetemeka kama ya mbuzi. Bibi alisikiliza akichambua mchele. Mwisho akasema bila kunitazama kwamba Jumapili ijayo ni bamvua, na anahitaji mtu wa kubeba mzigo wa vijiti.

Basi Jumapili iliyopita nilishuka. Nilikuwa nimesahau namna ya kutembea humo, nilizama mpaka mapajani mara mbili, na Bi Bernadeta akasema, "Katibu, tope halina jalada gumu. Inama." Tulikuwa wanawake tisa, na wanafunzi wanne wa klabu waliokubali kuja, mmoja wao akiwa yule aliyesema wauza kombe wananuka. Nilimwambia yote kabla hajaja. Alikuja hivyohivyo, ila alivaa soksi.

Bibi alipiga mstari kwa kamba, sisi tukafuata na vijiti. Kulikuwa na mama mmoja mgeni, amehamia karibuni, hajui sisi ni nani kwa nani. Alimuuliza Bibi, "Na huyu binti anayechomeka upande upande ni wa nani?"

Bibi alikuwa ameinama anafunga kitambaa. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Anakaa mtaa wetu."

Wanawake wale wote wanaijua habari. Bi Bernadeta alicheka mpaka akakaa kitako matopeni na ndoo yake ikamwagika. Mimi kijiti kikaniponyoka, kikabaki kimeinama topeni. Nilisimama pale, sikujua kama natakiwa kulia au kucheka nao. Kisha nikamwamkia yule mgeni, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Mie mjukuu wake. Mtoto wa Marijani."

Bibi alimaliza fundo lake, akanyooka, akashika kiuno, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Basi kama mjukuu wangu, kijiti hicho kimepinda. King'oe ukichomeke upya."

Niliking'oa, nikakichomeka upya. Alikikagua kwa makini yake yote, kisha akahamia kingine.

Sikuandikii ili uone nimeshasamehewa. Bibi hajasema neno hilo, na mimi sijamuuliza, maana najua akiniona nalihitaji atanipa kwa huruma tu. Baba bado ananijibu kwa ufupi. Na kombe hawarudi kwa mkutano. Tulichimba kidogo kwa vidole kule tulikofunga, tukapata watatu, wadogo kama punje ya mahindi. Bibi aliwatazama, akawafukia tena. Anasema Ramadhani ijayo usitegemee kopo, na inayofuata labda, Mungu akipenda.

Nilimwambia Bibi kwamba leo nakuandikia mwenyewe. Aliuliza, "Yote?" Nikamwambia yote. Akasema basi niandike kwa wino.

Shangazi, nakuomba unisamehe kwa mambo matatu: kwa lile jibu la ofisini, kwa barua ya uongo, na kwa futari ya Mjomba iliyokosa kombe. Ukikasirika una haki, lakini tafadhali usiache kumwandikia Bibi kwa sababu yangu. Nitamsomea kila neno, hata ukiandika mabaya juu yangu. Nitayasoma kwa sauti ileile.

Na kama una kanga iliyochakaa usiyoivaa tena, mpe mtu yeyote anayekuja. Vitambaa havikutosha. Vijiti ishirini na tatu viko uchi, na Bibi anasema kijiti bila kitambaa mtu anaweza kudhani ni kiwanja. Aliposema hivyo alinitazama kwa jicho la pembeni, nikainamisha kichwa, lakini nadhani mdomo wake ulikuwa unataka kucheka.

Nisalimie sana Mjomba Haroub, Khulud na Awadh, na jirani yako Bi Wahiba aliyetutumia tende. Mama, Baba na Twaha wanakusalimu. Twaha anasema Awadh amtumie kiatu, kimoja tu, cha kushoto. Bi Bernadeta, ambaye hamjuani, naye amesisitiza asalimiwe kwako. Bibi anakupa dua: Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuongezee afya, na akurudishe siku moja maji yakiwa yamepwa.

Wako akupendaye, na anayekuonea haya,

Lulu Marijani,
mjukuu wa Bi Hija.